Usiku wa Mombasa na Koroboi ya Lunga Lunga

Je, msomaji mpenzi, umewahi kuishi mahali ambapo ikifika saa tatu za usiku maduka yote yamekwisha kufungwa? Huko ndiko kwetu Lunga Lunga, mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Kwale, mkabala na Horohoro ya Tanzania. Ukiondoa taa za mpakani na malori yanayongoja kupita, usiku wetu ni vyura na nyota, na kukiwa na arusi, ngoma ya sengenya. Ndiyo sababu kila nipatapo nafasi ya kwenda Mombasa, moyo hunidunda.

Safari yenyewe ni ya karibu kilomita 100. Utapita Ramisi, Msambweni, Ukunda na Tiwi hadi Likoni, kisha utavuka kwa feri, ambayo wa miguu hawailipii. Mama hataki kabisa nivuke usiku. Hajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa. Basi mimi huvuka mchana, nikafikia kwa shangazi Majengo, na jua likitua nikatoka.

Nawe ukifika, anzia Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wazee huwa wamekaa barazani, na muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe. Kahawa yake ni chungu, kwa hiyo usisahau kashata. Kisha ifuate barabara ya Digo. Naam, hata barabara kubwa ya Mombasa ina jina letu Wadigo! Malizia bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019. Hapo familia nzima hukaa zikiitazama bahari huku zikila mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili. Meli kubwa hupita karibu, taa zote zikiwaka, zikielekea Kilindini. Huhitaji fedha nyingi kufurahi.

Usiku mmoja nilisimama kando ya barabara kununua viazi karai. Mama aliyekuwa akikaanga alikuwa na binti yake, wa darasa la tano hivi, ameketi juu ya kreti la soda akifanya hesabu kwa mwanga wa taa ya barabarani.

"Kula vikiwa moto, mwanangu," mama akaniambia. "Sisi tupo hapa mpaka saa saba."

Binti akapiga mwayo, akafungua ukurasa mwingine.

Msomaji, kiazi kilinikwama kooni. Mimi pia nilisoma hivyo. Mama yangu aliwauzia madereva wa malori chai na chapati usiku pale Lunga Lunga, nami nikikaa kando ya koroboi yake na daftari langu. Karo yangu ilitoka kwenye lile birika. Lakini nilipoingia shule ya bweni niliwaambia wenzangu kwamba mama ana hoteli mpakani. Niliuonea haya ule moshi.

Bado naipenda Mombasa, tena sana. Ila nimeacha kusema kwamba kwetu hakuna usiku. Ulikuwapo siku zote, na madereva waliufurahia. Mimi nilikuwa upande wa jikoni.

Mwezi uliofuata nilimpeleka nyumbani mwenzangu mmoja tuliyesoma naye. Tulifika jioni, tukamkuta mama akisukuma chapati. Siku hizi anatumia taa ya sola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmevuka mchana?"

Tukaketi kwenye benchi baina ya madereva wawili. Nikamwambia mwenzangu, "Huyu ndiye mama. Na ile hoteli ndiyo hii."

Akala chapati nne.

Nawe msomaji, Jumamosi ukitoka kutembea usiku na wanao, kula, ufurahi. Kisha, kabla hujaondoka, muulize anayekukaangia anafunga saa ngapi.