Deni la Mdudu

Katika lugha ya Kiswahili, mdudu hana heshima. Mfitini apelekaye maneno nyumba hata nyumba huitwa kidudumtu. Aishiye kwa jasho la wenzake ni kupe. Amgandaye mwenye mamlaka ili adondoshewe makombo ni chawa. Nao waitafunao mali ya umma kimyakimya ni mchwa. Ugonjwa wa Ukimwi ulipoingia na watu wakaogopa kuutaja kwa jina, mitaani palinong'onwa kwamba fulani "ana mdudu". Ni wachache waliopata sifa katika kundi hili, na hata nyuki, aliye mashuhuri kuliko wote, wahenga walimsifu kwa ajili ya tumbo: fuata nyuki ule asali.

Ikiwa lugha ni kioo cha jamii, basi kioo hiki chaonyesha uadui mkongwe. Uadui huo hauna budi kueleweka kabla ya kulaumiwa. Mama aliyemzika mwanawe kwa sababu ya malaria, mfugaji aliyemalizwa ng'ombe na ndorobo, na mkulima wa kaskazini mwa Kenya aliyeliona anga likigeuka rangi nzige wa jangwani walipovamia mwishoni mwa mwaka 2019, hawa wote hawawezi kuambiwa kirahisi kwamba mdudu ni rafiki. Maumivu yao ni ya kweli. Hata hivyo, palipo na uadui wa kweli pana pia hatari ya kuwaadhibu wengi kwa kosa la wachache. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina wadudu wa aina zipatazo milioni moja. Mbu peke yao ni aina zaidi ya 3,000, na kati ya hizo ni aina chache tu za Anopheles zinazoeneza malaria, tena ni majike pekee yanayouma. Hukumu ya jumla, basi, ni hukumu ya dhuluma.

Je, jamii ya wadudu ikitoweka, binadamu atapungukiwa na nini? Jibu la kwanza limo sahanini. Ripoti ya mwaka 2016 ya jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES, ilibainisha kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, wanyama wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Ni haki kukiri kwamba mahindi, ngano na mchele havimo katika hesabu hiyo, kwa maana hivyo huchavushwa na upepo au hujichavusha vyenyewe. Sima ingekuwapo. Lakini ingeliwa na nini? Maboga, matikiti, maembe, maparachichi na kahawa vina deni kwa nyuki, nzi na jamaa zao. Karakara ndiyo yenye deni zito zaidi, kwani ua lake ni pana mno kwa nyuki wa kawaida. Humhitaji yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu na kuvuma kama pikipiki ya mbali. Huyohuyo ambaye wenye nyumba humfukuza kwa moshi wanapomkuta kwenye boriti.

Asiyesadiki thamani ya kazi hiyo na autazame mmea wa vanila, ambao baadhi ya watu wa Pwani huuita lavani. Asili yake ni Mexico. Ulipohamishiwa nchi nyingine ulistawi, ukatoa maua, lakini haukuzaa, kwa kuwa wadudu wa kwao hawakusafiri nao. Ilikuwa mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, ambapo mtoto mtumwa wa umri wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kulichavusha ua hilo kwa kijiti na kidole gumba. Hadi leo, wakulima wa Madagascar na Uganda huamka alfajiri na kuligusa kila ua kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa sababu ua hufunguka asubuhi moja tu na kunyauka. Ndiyo maana vanila ni ghali. Mdudu alipokosekana, kazi yake ilimwangukia binadamu, na bei ikapanda. Na afikirie msomaji iwapo kila ua la mwembe na la mboga lingedai mkono wa mtu.

Jibu la pili limo katika vita ambavyo wadudu hupigana kwa niaba ya mkulima. Mapema katika miaka ya 1970, kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe mfano wa unga, aliingia Kongo kutoka Amerika ya Kusini. Kwao alikuwa na maadui waliomzuia; Afrika hakuwa nao. Akaenea nchi baada ya nchi, na mashamba ya muhogo yakasinyaa. Dawa za sumu hazikuwa jawabu kwa wakulima wasio na fedha. Mtaalamu Hans Herren na wenzake walirudi katika chimbuko la adui huyo, wakampata nchini Paraguay nyigu mdogo asiyezidi punje ya ulezi, ambaye hutaga mayai yake ndani ya mwili wa kidung'ata. Nyigu huyo aliachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingi za bara hili, naye akautuliza msiba. Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu hakutunukiwa chochote.

Herren huyo alikuwa amekwisha kuja Nairobi mwaka 1994 kukiongoza kituo kilichoasisiwa na Mwafrika aliyeutambua ukweli huu mapema: Profesa Thomas Risley Odhiambo (1931–2003). Mwaka 1970, Odhiambo alianzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, akishikilia kwamba matatizo ya wadudu wa Afrika yachunguzwe Afrika, na vijana wa Afrika. Makao yake makuu huko Kasarani huitwa Duduville. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutabasamu: neno lililodharauliwa, lile lile dudu, limebandikwa kwenye lango la taasisi inayoheshimiwa ulimwenguni. Ni humo ilimokuzwa mbinu ya sukuma-vuta, ambapo mkulima hupanda mmea wa desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na nyasi ya nepia pembezoni ili kuwavuta nje. Nondo hauawi kwa sumu, huelekezwa njia.

Lakini hoja za kisayansi, hata zikiwa na nguvu namna gani, hazimshibishi mtoto mwenye njaa. Hapo ndipo kisa cha Gede, katika kaunti ya Kilifi, kinapokuwa na mafunzo. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ni miongoni mwa mabaki makubwa ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wengi wa pembezoni walitamani ukatwe wagawiwe mashamba. Kwao msitu ulikuwa nyumba ya tembo na nyani waliovamia mahindi. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo, chini ya mwanabiolojia Ian Gordon, karibu na magofu ya Gede. Wazo lake lilikuwa jepesi: mkulima anase vipepeo wachache majike msituni, awafuge ndani ya vizimba vya wavu, akusanye mayai, alishe viwavi majani ya miti wanayoipenda, kisha auze pupa ambazo husafirishwa hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani.

Neno hilo pupa lina kejeli tamu. Katika sayansi, pupa ni ile hatua ambapo kiwavi hujifunika, akatulia, akageuka. Katika Kiswahili, pupa ni haraka ya mlafi. Na wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mfugaji wa vipepeo huishi katikati ya maana hizo mbili. Kiwavi hula majani ya mti fulani tu, na mti huo ukikatwa hakuna badala. Wapo vipepeo ambao hutaga kwenye mlimau na jamaa zake. Uwapelekee mwarobaini, watakufa njaa huku wamezungukwa na majani. Kwa hiyo mtu anayeuza pupa hujikuta, atake asitake, mlinzi wa mti.

Ulinzi huo una majaribu yake. Mwaka 2020, Uviko-19 ulipositisha safari za ndege na kuzifunga nyumba za maonyesho ugenini, soko la pupa lilikatika. Mama mmoja wa kijiji kilicho ukingoni mwa msitu, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa vizimba vyake, alibaki na viwavi wasio na mnunuzi. Mwanawe wa kwanza, aliyemaliza kidato cha nne na kukosa kazi, alimjia jioni moja na habari za mfanyabiashara wa makaa.

"Mama, vipepeo hawalipi karo tena," alisema. "Tajiri anatoa pesa mkononi."

"Na hayo makaa yatalipa karo ya miaka mingapi, mwanangu?"

"Ya mwaka huu. Mwaka ujao nao una Mungu wake."

Mama hakuwa na jawabu la kumshinda, kwa maana debe la unga lilikuwa tupu na wote wawili walilijua hilo. Kijana akaenda. Alichoma makaa msimu mmoja, kwenye kiwanja cha familia wala si msituni, akirudi na macho mekundu na fedha kidogo ambazo zililiwa kabla ya mwezi kuandama. Miti ya kulishia viwavi iliyokuwa ua wa boma ilikwenda nayo. Maagizo kutoka ng'ambo yaliporejea, vizimba vilikuwa vitupu na boma lilikuwa jeupe. Kilichomwokoa mama huyo ni kwamba msitu ulikuwa bado upo. Humo alinasa majike mapya, humo aliokota mbegu za kupandia upya. Aliyembebea wavu alikuwa mwanawe. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Walipanda miche, wakangoja.

Kisa hicho hakithibitishi kwamba vipepeo watamaliza umaskini wa Kilifi. Chathibitisha jambo dogo zaidi na la kutegemeka zaidi: kwamba biashara huweza kuanguka na kuinuka, lakini huinuka tu pale ambapo chanzo chake hakikung'olewa. Soko moja la ng'ambo halitoshi, na wanaohubiri uhifadhi wanapaswa kuwa na jibu kwa debe tupu kabla ya kumlaumu mwenye shoka.

Aidha, si wadudu peke yao wanaostahili kutajwa. Mwendo mfupi kutoka Gede uko mlango wa bahari wa Mida, wenye mikoko na matope. Huko kaa huburuta majani yaliyoanguka hadi ndani ya mashimo yao, wakayala na kuyaozesha, na mashimo hayo huipa mizizi ya mikoko hewa. Ndege wanaohama kutoka Asia na Ulaya hutua hapo kwa ajili ya kaa na minyoo wa matopeni. Barani nako, nyungunyungu na mchwa huufinyanga udongo na kuufungulia maji ya mvua njia. Jongoo huyasaga majani makavu yakawa mboji. Viumbe hawa wasio na uti wa mgongo ndio uti wa mgongo wa nchi.

Ni hatua zipi, basi, zinazoweza kuchukuliwa? Mkulima anaweza kuacha ukanda mwembamba wa maua ya mwituni ukingoni mwa shamba, badala ya kulifyeka hadi mpakani. Anaweza kuacha gogo kavu likae pale lilipo, ili nyuki mweusi wa karakara apate makao. Akilazimika kunyunyizia dawa, asinyunyizie mimea ikiwa katika maua, na achague jioni ambapo nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Matandazo ya majani juu ya udongo humlinda nyungunyungu na jua. Serikali za kaunti zina wajibu wa kuilinda misitu midogo pamoja na mikubwa. Kaya takatifu za Wamijikenda, ambazo mwaka 2008 zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, zimedumu kwa sababu wazee walikataza kukata hata fito moja bila idhini. Mwiko ulihifadhi kile ambacho kanuni nyingi zimeshindwa kukihifadhi.

Na wasomi wa Kiswahili wana sehemu yao. Kerengende, nyenje, kimulimuli, tandu, kumbikumbi: haya ni majina ambayo watoto wengi wa mijini huyakuta katika mtihani wa msamiati bila kuwahi kuwaona wenyewe. Kila lahaja na kila lugha ya nyumbani ina majina mengine mengi ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na wanaoyajua ni wazee na watoto wachungaji. Kuyakusanya, kuyaandika pamoja na maelezo ya kiumbe na mti wake, na kuyatungia hadithi za watoto ambamo mdudu si kidudumtu, ni kazi isiyohitaji maabara. Yahitaji daftari, viatu vigumu na mzee mwenye subira. Ifanywe mapema, wangali hai wanaoyajua majina hayo, na wangali wakiruka wenye kuitwa kwayo.