Vidole vya Kahawa

Sisi tuliokulia Bugolobi, Kampala, tuliijua mitaa kwa pua. Upande wa bondeni kulikuwa na mtambo wa majitaka, na huku kwenye maghala ya Bodi ya Kahawa ilinuka kahawa mbichi, harufu ya magunia na majani makavu, isiyofanana hata kidogo na ile ya kikombeni.

Baba aliendesha malori ya Mombasa, na Kiswahili chetu cha nyumbani kilitoka njia hiyo. Wakati huo kahawa ya Uganda ilikuwa mikononi mwa Bodi. Julai 1989 mkataba wa dunia wa mgawo wa kahawa ukavunjika, bei ikaanguka. Mwaka 1991 serikali ikafungua soko, kampuni binafsi zikaja na maghala yao. Kwa mama, habari zote hizo zilifika kwa sentensi moja ya jirani: "Dada, wanatafuta wanawake wa kuchambua."

Tajiri wa baba alikuwa ameuza malori yake. Mama akaenda.

Nilimpelekea chakula mara nyingi, kwa hiyo nimeiona kazi ile. Wanawake wengi, leso kichwani, wamekaa chini kuzunguka chungu za kahawa. Mkono wa kulia unatandaza, wa kushoto unatoa: punje nyeusi, iliyovunjika, kijiwe, kijiti. Jioni mama alirudi na ngozi nyembamba za kahawa zimemshika kwenye nyusi, zinang'aa kama magamba ya samaki. Walilipwa kwa gunia. Magunia ya kilo 60 yalibebwa na wanaume, na mizani pia ilishikwa na mwanamume.

Walisema wanawake wana vidole vyepesi. Sikuamini hilo nikiwa mtoto, na leo siliamini kabisa. Baba alifungua kabureta na kurudisha skrubu ndogo kuliko punje ya kahawa. Wanawake walitakiwa kwa sababu walikubali kulipwa kwa gunia, na siku isiyo na kahawa walirudi nyumbani mikono mitupu bila kudai.

Hata hivyo hela ile ilikuwa yake. Mwaka 1994 baridi iliunguza mibuni ya Brazili, bei ikapanda duniani kote, na kazi ikajaa. Mama alinilipia karo, akanunua godoro. Baba ndiye aliyebaki na sigiri. Mwanzoni alipika mlango umefungwa, moshi unamtoa machozi, majirani wasimwone. Baadaye alikuwa sokoni mchana kweupe, anabishania bei ya matoke. Mama alimpa hela ya matumizi mkononi, mbele yetu, na hakuna aliyesema neno. Sitaki kuidharau heshima ile, ingawa iliegemea baridi ya nchi ambayo mama hakuwahi kuiona.

Kufika 2001 bei ilikuwa chini sana. Kisha zikaja mashine zenye macho: kahawa inapita, mwanga unaisoma rangi, hewa inapuliza punje mbaya nje. Mama aliambiwa angoje aitwe.

Sasa anauza maharage sokoni Bugolobi. Asubuhi huwa wawili, yeye na baba, ungo katikati. Baba, ambaye hakuna ghala lililowahi kumwita kuchambua, hutoa mawe bila kutazama, huku akimsimulia habari za redio.