Miezi Sita ya Vidonge, na Mota za Quartier Industriel

Yako maradhi yanayoingia nyumbani kwa kishindo, mfano wa kipindupindu, hata majirani wote wakajua usiku ule ule. Na yako yanayoingia kwa kunyata. Kifua kikuu ni katika haya ya pili. Huanza kwa kikohozi ambacho kila mtu ana dawa yake: huyu atakwambia asali na ndimu, yule atakwambia ni vumbi la kiangazi tu, na wa tatu atakunong'oneza jina la mtu mwenye kijicho. Wakati huo mtoto anakonda, na asubuhi shuka zake zimelowa jasho.

Ndugu msomaji, nayaandika haya hasa kwa akina mama ambao waume zao wako lindoni mbali na nyumbani, kwa sababu wao ndio hulazimika kuamua peke yao. Mwaka 2018 mume wangu alikuwa Somalia, katika AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika ambalo Burundi ilianza kulipelekea askari Desemba 2007. Mimi nilibaki Buyenzi, hapa Bujumbura, na watoto watatu. Mkubwa wao, wa kiume, alikuwa na umri wa miaka 15, naye alikuwa mwaka wa tisa wa shule ya msingi. Kwetu, tangu mageuzi yaliyoanza 2013, shule ya msingi ina miaka tisa, na mwisho wake pana mtihani wa taifa ambao wazazi huuogopa kuliko watoto wenyewe.

Kikohozi chake kilipoingia wiki ya tatu nilimpeleka kupimwa. Alikuwa na uzito wa kilo 38 na urefu wa kunipita mimi. Makohozi yakachunguzwa, na jibu likawa lile nililokuwa nikiliogopa. Muuguzi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinikalisha akanieleza matibabu kama mtu anayemfundisha kuruta bunduki yake. Miezi miwili ya kwanza, dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha miezi minne ya dawa mbili, rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa. Vyote humezwa kwa mara moja, asubuhi, kabla ya kula, wala siku hairukwi. Dawa hutolewa bure. "Atakojoa mkojo wa rangi ya chungwa," akasema, "msishtuke, ni rangi ya dawa." Alifanya vema kutuonya, maana asubuhi ya kwanza mwanangu alitoka msalani amekodoa macho.

Miezi sita ni mingi kwa kijana. Walakini zamani ilikuwa miezi kumi na minane, na sindano juu yake. Waliofupisha njia hiyo hawakufanya kazi yao Ulaya peke yake. Majaribio makubwa ya kwanza ya tiba ya miezi sita yalifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, mapema katika miaka ya 1970, kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Na ule utaratibu wa kumwangalia mgonjwa akimeza dawa na kumwandika daftarini, ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990, uliimarishwa Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na Daktari Karel Styblo pamoja na wenzake wa mpango wa taifa. Mgonjwa akijua kwamba dawa yake ilipimwa kwa watu wa mabara yake mwenyewe, huimeza kwa moyo mwingine. Mimi nilimsimulia mwanangu habari hizo mara mbili tatu, na nadhani zilifaa kuliko vitisho.

Nyumbani sote tulipimwa. Kitindamimba, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitano, alipewa dawa ya kinga ingawa hakuwa na dalili. Jirani mmoja alinishauri nitenge sahani na kikombe cha mgonjwa. Nilikataa. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Vyombo havina kosa. Kilichohitajika ni madirisha wazi, jua, kitambaa mdomoni, na kumlaza chumba chake peke yake wiki za mwanzo. Dawa zikiingia sawasawa, baada ya majuma mawili hivi mgonjwa wa kawaida huwa si hatari tena kwa wenziwe.

Lakini habari ya majuma mawili haikuwa imefika shuleni. Shule yenyewe siitaji. Alipokwenda mwezi wa pili, dawati lake lilikuwa limesogezwa ukutani, na wanafunzi wawili waliokuwa wakikaa naye walikuwa wamehamia mbele. Hakuna aliyemtukana. Walimkwepa tu, na kwa mtoto wa umri ule kukwepwa ni kubaya zaidi. Mkuu wa shule, kwa sauti ya upole, alinishauri kijana apumzike mpaka mwaka wa masomo ujao, kwa kuwa alikwisha kukosa mengi. Nilimpelekea barua ya muuguzi. Aliisoma, akaikunja, akarudia ushauri ule ule.

Basi nikawa na kijana wa miaka 15 nyumbani, mwembamba, mwenye haya, asiye na kazi, amelala amegeukia ukuta. Mwili wake ulikuwa unapona, ila mwenyewe alikuwa anafifia. Hapo ndipo kaka yangu alipotokea. Yeye ana karakana ya kufunga upya waya za mota za umeme katika eneo la viwanda, Quartier Industriel kama tunavyoliita kwa jina lake la Kifaransa. Kutoka Buyenzi ni mwendo wa miguu. Huko ndiko kilipo kiwanda cha Brarudi, kinachotengeneza bia na soda tangu 1955, na maghala, na malori yanayotoka bandarini, na katikati ya wakubwa hao wamejibanza mafundi wadogo wanaoishi kwa vinavyoharibika. "Dada," akaniambia, "nipe mtoto. Akae mlangoni penye hewa. Sitamshikisha kitu kizito."

Niliweka masharti. Koili za mota iliyoungua huchomwa moto ili zitoke, na waya mpya zikishafungwa humwagiwa vanishi na kuokwa katika joto. Moshi ule na harufu ile si vya mapafu yanayojikarabati. Kaka alikubali: siku ya kuchoma au ya vanishi mtoto haji. Mengine yote ataona. Saa tatu kwa siku, si zaidi, na hatoki nyumbani kabla ya kumeza vidonge mbele ya macho yangu.

Nilimsindikiza siku kadhaa za kwanza, nikajionea kazi yenyewe. Mota huungua kwa sababu nyingi, lakini mjini kwetu sababu kubwa ni umeme wenyewe. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja, haisimami mara moja. Hujilazimisha kuzunguka kwa mbili zilizobaki, huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi, hupata joto, na koili huungua. Mwenye kinu hujua habari hiyo kwa pua. Basi huletwa kwa mkokoteni mota za vinu vya muhogo, za pampu, za mashine za kukoboa mpunga kutoka Gihanga. Fundi husoma kwanza kibati cha ubavuni. Kisha hufungua, huchora jinsi koili zilivyopita, huhesabu mizunguko ya waya katika kila koili, hupima unene wa waya kwa maikromita. Asipohesabu kabla ya kubomoa, kazi imekwisha kuharibika.

Kazi ya kuhesabu ndiyo aliyopewa mwanangu, maana haihitaji nguvu. Alikaa juu ya kigoda mlangoni, kitambaa mdomoni, koili kuukuu mapajani, akihesabu kwa sauti ya chini. Mizunguko arobaini na sita. Arobaini na sita tena. Ya tatu, arobaini na tano; rudia. Akaandika katika daftari lake la hisabati, lile lile lililolala bila kazi tangu shuleni.

Siku moja alirudi nyumbani anaongea. Nasema anaongea, kwa kuwa ilikuwa imepita miezi miwili bila kusikia sentensi tatu mfululizo. Alikuwa ameona kibatini imeandikwa mizunguko 1440 kwa dakika, akamwuliza mjomba wake namba hiyo inatoka wapi. Mjomba akamjibu kwa kumwuliza: umeme wetu hupiga mara ngapi kwa sekunde? Mara 50. Dakika ina sekunde 60, zidisha. 3000. Mota hii ina nguzo nne, yaani jozi mbili, gawanya. 1500. "Na zile 60 zilizopungua?" Mjomba akamweleza kwamba rota hubaki nyuma kidogo ya uwanja wa sumaku unaoivuta, na isipobaki nyuma haivutwi. Kisha wakahesabu mifereji ya chuma ambamo waya hulala: 36. Kwa nguzo nne, kila nguzo hupata mifereji tisa. Kwa fezi tatu, kila fezi hupata mitatu. Mtoto huyo, msomaji, alikuwa amerudisha karatasi ya hisabati yenye alama ambazo sitaziandika hapa. Kugawanya alikujua. Alichokuwa amekosa ni kitu cha kugawanya.

Sisemi kwamba darasa halina faida. Wako wazazi ambao husikia kisa kama hiki wakakimbilia kumtoa mtoto shuleni, na wako wengi zaidi ambao humtisha mtoto kwa karakana: "Usiposoma utakuwa fundi." Wote wawili hawajamtazama fundi mwema akifanya kazi. Kaka yangu alikatishwa masomo na vita, na hadi leo hununua vitabu vya umeme vya Kifaransa na kumwomba mwalimu jirani amsomee vifungu vigumu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia mwanangu arudi darasani.

Maana mwezi wa nne ulileta hatari yake. Kilo zilikuwa zimefika 47, kikohozi kimekwisha, makohozi yaliyopimwa mwishoni mwa mwezi wa pili hayakuonyesha vijidudu. Kijana alijiona amepona. Akanitangazia mambo mawili kwa pamoja, kama afisa anayesoma amri ya siku: shule hairudii, na vidonge vimetosha. Tumbo lilikuwa linamchafuka asubuhi, na hakuona sababu ya kuteswa na dawa ya ugonjwa usiokuwapo. Hapo ndipo wengi hupotelea. Vijidudu vinavyobaki ndivyo vilivyo vigumu kufa. Dawa ikikatizwa huinuka tena, na mara nyingine huinuka vikiwa vimezoea dawa, ambapo matibabu yake huwa marefu na magumu kuliko ya kwanza.

Nilimweleza hayo. Muuguzi alimweleza, akamruhusu ameze vidonge na chakula kidogo ili tumbo litulie. Baba yake alipiga simu kutoka Somalia, usiku, sauti ikikatika, na badala ya kufoka alimwuliza: "Mjomba wako akikuta koili ina mizunguko thelathini na moja badala ya arobaini na sita, hufanyaje?" Kukawa kimya. "Huifungua," mtoto akajibu. "Na mota ikiwashwa hivyo hivyo?" "Itazunguka, baba. Halafu itaungua." Baba yake akasema haya, lala salama. Sijui kama ni maneno hayo au ni ile ruhusa ya kula kwanza. Asubuhi vidonge vilimezwa. Na asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimechora kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, naye tangu siku ile akaanza kuzikata siku kwa kalamu yake mwenyewe.

Habari ya shule ilichukua muda zaidi. Alirudia mwaka wa tisa katika shule nyingine, mbali kidogo, akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani, jambo lililomchoma. Jumamosi alikwenda karakana. Katika mtihani wa taifa hakuwa wa kwanza wala wa ishirini, ila alipata sehemu katika masomo ya ufundi wa umeme, na huko alikuta walimu wakichora ubaoni mota ambazo wanafunzi wenziwe hawakuwahi kuziona zikiwa wazi. Aliwapeleka watatu Quartier Industriel wakazione. Kaka yangu alilalamika kwamba karakana imegeuka chuo, kisha akanunua kigoda kingine.

Mume wangu alirudi mwaka 2019, akamkuta mwanawe anamzidi kimo. Picha ya mwisho ya kifua ilionyesha kovu dogo upande wa kulia, juu. Daktari alisema litakaa hapo maisha yote na halina neno.

Sasa kijana ana meza yake katika karakana ile, na maikromita yake mwenyewe. Juma lililopita aliletewa mota ya kukoboa mpunga iliyokuwa imefungwa na fundi mwingine na kuungua mara ya pili ndani ya mwezi. Aliifungua, akahesabu, akakuta kila koili imepunjwa mizunguko sita. Mwenyewe alitaka aichukue jioni ile ile, kwa kuwa mpunga unamsubiri. Ameambiwa aje Alhamisi.