Maduka ya Santuri na Kaseti Mjini Mombasa

Ukitembea leo katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, wauzaji wa leso watakukaribisha kila mlango, kama walivyowakaribisha mama zetu. Walakini kitu kimoja hutakisikia tena, nacho ni sauti iliyokuwa ikitoka madukani na kukuongoza njia kabla macho hayajaona. Hayo yalikuwa maduka ya santuri na kaseti.

Asili ya biashara hiyo ni ya zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurikodi nyimbo, na santuri zile zikauzwa katika pwani yetu. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ikatoa kaseti, kitu kidogo cha kutosha mfukoni. Nasi tuliozaliwa baada ya hapo tukaziona zikijaza rafu toka sakafuni mpaka darini.

Maduka yale yalikuwa na ujirani wa ajabu. Rafu hii Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Rafu ya pili tilawa ya Sheikh Abdul Basit Abdus Samad wa Misri. Ya tatu mawaidha ya masheikh wetu. Mwenye duka alikutilia kaseti usikilize kwanza, hata kama huna senti ya kununua. Ikiadhiniwa alizima mashine, nasi tukaandamana naye msikitini.

Mimi nina kisa changu. Mwaka 1986, nikiwa kijana wa madrasa, mwenye duka mmoja alirikodi maulidi ya nyumbani kwetu, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yangu akisoma kasida na wanawake wenzake. Nilipewa nakala moja, nikaisikiliza mpaka utepe ukaliwa na mashine. Mama alipofariki mwaka 2003 nilimwendea yule mzee. Akaniambia, "Mwanangu, asili yake imo kabatini. Njoo baada ya Idi tuitafute."

Nilirudi baada ya miaka miwili. Nikakuta duka limekuwa la simu, mzee ametangulia mbele ya haki, na kaseti zimetupwa, kwani hapakuwa na aliyeziuliza. Sikuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Enyi vijana, tilawa mnayoisikiliza leo katika simu ni neema, wala siidharau. Lakini simu haikumjua bibi yenu. Basi fungueni makabati ya nyumbani. Kaseti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma. Joto na unyevu wa pwani huuharibu, na sumaku ya spika huweza kuifuta sauti. Ziwekeni mahali pakavu, mbali na spika. Mpelekeeni fundi azitie katika kompyuta. Na andikeni jina la msomaji, mahali na mwaka. Kaseti ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Ni saa moja tu, nami kwa miaka miwili sikuitoa.

Kila nipitapo mtaa ule humtolea salamu kijana wa duka la simu, kisha humwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee yule, na mama yangu, na wazee wenu waliotangulia. Amin.