Kulisoma Gogo

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye ngoma, tenzi, vinyago na mavazi. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na sina ugomvi na hayo. Hata hivyo naamini kwamba elimu inayokaa katika jicho na mkono wa mfanyakazi nayo ni utamaduni, na katika Nyanda za Juu Kusini elimu moja ya namna hiyo ni ile ya kulisoma gogo kabla ya kulikata.

Watu wa Iringa na Mbeya hawakuanza jana kuchagua miti. Mgema wa ulanzi hujua ni chipukizi lipi la mwanzi likatwe na lipi liachwe. Lakini misindano na milingoti ni wageni kwetu: misindano ya aina ya patula asili yake ni Mexico, na milingoti ilitoka Australia. Katika Msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi, majaribio ya kuipanda yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata katika miaka ya 1960 na 1970. Mbeya nayo ina mashamba ya Kawetire na Kiwira. Baadaye wanavijiji wenyewe wakapanda, hata leo mtu akisafiri kutoka Mafinga hadi Njombe huona misindano imezunguka nyumba kama mahindi. Kupanda tumekujua vizuri. Kukata ndiko ambako bado hatujakuheshimu.

Watu wengi hudhani kwamba thamani ya mti huamuliwa kiwandani, penye mashine kubwa. Sivyo. Huamuliwa pale chini, katika dakika chache, na mtu mwenye msumeno wa mnyororo anayeugawa mti ulioanguka kuwa magogo. Akishakata, hakuna mashine iwezayo kuliunga gogo tena. Na desturi iliyoenea ni kukata kila kitu kwa futi 12, mti uwe mnyoofu au umepinda, kana kwamba miti yote ilizaliwa na mama mmoja.

Tutazame gogo lililopinda. Likiwa na urefu wa meta 6, na katikati limeachana na mstari mnyoofu kwa sentimeta 10, msumeno wa kiwandani utatupa sehemu kubwa yake kuwa mabanzi. Mkataji akiligawa katikati, na kama limepinda kwa mviringo ulio sawa, kila nusu itabaki na upinde wa sentimeta 2 na nusu tu. Maana urefu ukipungua kwa nusu, upinde hupungua hadi robo. Mwalimu wa hisabati anaweza kulithibitisha jambo hili ubaoni kwa kuchora duara. Kwa upande mwingine, gogo nyoofu la mlingoti lifaalo kuwa nguzo ya umeme likikatwa vipande vifupi vya mbao, mwenyewe amejipunja. Kwa hiyo ufupi si dawa ya kila gogo, wala urefu si sifa ya kila gogo.

Kuna na suala la nyongeza. Futi 12 ni kama meta 3.66. Gogo likikatwa meta 3.62, mbao zake zote huteremka zikauzwa kwa urefu ulio chini, na upungufu wa upana wa vidole viwili umeila mbao nzima. Ndiyo sababu mkataji mzuri huacha sentimeta kadhaa za ziada, hasa kwa mlingoti, ambao una mkazo ndani yake na huweza kupasuka kichwani mara tu unapokatwa.

Kisha mafundo. Matawi ya msindano huota kwa duara, pingili baada ya pingili. Tawi lililokatwa likiwa bichi huacha fundo lililoshikamana na mbao. Tawi lililokauka mtini huacha fundo litakalodondoka na kuacha tundu. Kitako cha mti uliopogolewa mapema ndicho chenye mbao safi, nacho kiwanda cha mbao tabaka hukitaka kuliko sehemu nyingine. Kukichanganya kitako hicho na vipande vya kileleni katika lundo moja na kuviuza kwa bei moja ni kutupa kazi ya miaka ya yule aliyepanda ngazi kupogoa.

Hayo yote niliyaelewa vema kwa mzee mmoja wa Mufindi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpasuaji katika kiwanda cha mbao. Kazi yangu ya utumishi ilinifikisha shambani kwake. Baada ya kuamkiana, “Kamwene,” nikamsifia gogo moja lililolala mbele yetu kwamba ni nyoofu sana. Hakunijibu. Alichukua nyenzo, akalibingirisha robo duara, akachutama kichwani pake na kufumba jicho moja. Nami nikachutama. Lilikuwa limepinda kama upinde wa mshale.

“Mwanangu,” akasema, “gogo lina pande zote, nawe umeliamkia upande mmoja.”

Alinionyesha pia kwa nini hupima unene kwenye ncha nyembamba: mbao ndefu haiwezi kutoka mahali ambapo gogo halifiki. Akaniambia kwamba msindano ukikatwa wakati wa joto usilale siku nyingi shambani, maana kuvu huuingia na kuutia rangi ya buluu. Mbao bado ina nguvu, lakini mnunuzi atapata sababu ya kushusha bei.

Jambo lililo zito zaidi ni la mkulima. Katika mashamba ya serikali msindano hukusudiwa kuvunwa ukiwa umekomaa. Mwanakijiji mwenye ada ya shule ya kulipa huuza miti yake ikiwa na miaka kama 10, tena ikiwa imesimama, bila kuipima. Kwa urefu ule ule, gogo la kipenyo cha sentimeta 30 lina ujazo mara nne wa gogo la sentimeta 15. Asiyelijua hilo hupokea alichopewa na kushukuru.

Na mkataji? Tuna Chuo cha Misitu Olmotonyi na Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, lakini wengi niliowakuta na msumeno mkononi walijifunza kwa kutazama wenzao. Tena hulipwa kwa idadi ya magogo waliyokata hadi jioni. Nilimwuliza yule mzee kama aliwahi kuongezewa ujira kwa kulibingirisha gogo kabla ya kulikata. Alicheka sana, kisha akaniomba nimshikie ncha ya pili ya utepe wa kupimia.