Kupima Vitabu vya Lugha za Kompyuta

Sisi walimu twavipenda vitabu, na tena twaviogopa. Neno likiisha kupigwa chapa, twaliona kuwa limekwisha kuamuliwa. Mimi nami nalikuwa hivyo, hata mwanafunzi mmoja akanifundisha.

Katika shule yetu nafundisha elimu ya kompyuta. Mtu atakaye mashine hiyo imfanyie kazi hana budi kuiandikia maagizo kwa lugha iliyotungwa kwa ajili hiyo. Lugha tuifundishayo yaitwa Python. Mholanzi Guido van Rossum aliitunga, ikatolewa mwaka 1991. Lugha za namna hii zina vitabu vya kueleza kila neno na kanuni yake, mfano wa kamusi na sarufi. Nami nalikuwa na kimoja, kinene, chenye jalada zuri, nilichopewa na rafiki.

Siku moja naliwapa wanafunzi mtihani. Swali moja liliuliza: tukiiagiza mashine igawanye 7 kwa 2, itajibu nini? Kitabu changu kilisema 3, kwa kuwa mashine huitupa sehemu inayobaki. Wote wakajibu 3, kama nilivyowakaririsha, ila msichana mmoja aliyeandika 3.5. Nikalikata jibu lake kwa wino mwekundu. Akanijia kwa adabu, akasema, "Naomba radhi, Bwana Mwalimu. Jana nalijaribu katika mashine, ikajibu tatu na nusu."

Nikamwambia, "Mwanangu, je, wewe wajua kuliko mtunzi wa kitabu?" Darasa zima likacheka. Akarudi kuketi, na kwa muda wa wiki mbili hakuuliza neno.

Ukimya ule ulinichoma. Jioni moja nikaingia darasani peke yangu, nikaiandika hesabu ile ile. Mashine ikajibu 3.5. Nikafungua ukurasa wa mwanzo wa kitabu, ambao sikuwa nimeusoma hata siku moja: kilipigwa chapa mwaka 2006. Kumbe toleo la tatu la Python lilitoka mwaka 2008, na kanuni ya kugawanya ikabadilika nalo. Toleo la pili liliachwa, lisitunzwe tena, tangu tarehe 1 Januari 2020. Kitabu hakikusema uongo. Kilisema kweli ya zamani, nami nikamhukumu kwayo mtoto wa leo.

Asubuhi yake nalisimama mbele ya darasa, nikamwomba msichana yule radhi mbele ya hao waliomcheka, nikamrudishia alama yake. Wale wengine sikuwanyang'anya alama zao, maana kosa lilikuwa langu. Ndipo akainua mkono, akauliza, "Bwana Mwalimu, na ukurasa unaofuata, umeujaribu?" Sikuwa nimeujaribu. Tukaujaribu pamoja.

Tangu siku hiyo nina desturi ya kuvipima vitabu hivi. Kwanza, hutazama mwaka, na toleo la lugha kielezwalo. Hata kitabu cha mtunzi mwenyewe huzeeka: Dennis Ritchie, aliyeitunga lugha ya C, alitoa kitabu chake pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978, nao wakakitoa upya mwaka 1988, kwa kuwa lugha ilikuwa imebadilika. Pili, hutazama kama mwandishi akubali kusahihishwa. Donald Knuth wa Marekani, ambaye buku la kwanza la kitabu chake kikuu cha elimu hii lilitoka mwaka 1968, alitangaza malipo ya dola 2.56 kwa mtu wa kwanza kuona kosa lolote ndani yake. Mtu wa namna hiyo namwamini kuliko yule ajionaye hakosei. Tatu, huijaribu mifano katika mashine kabla ya kuifundisha. Kitabu na mashine vikipingana, huyatafuta maelezo ya watunzaji wa lugha yenyewe, maana mashine nayo yaweza kuwa na toleo la kale.

Ndugu zangu, kitabu ni shahidi mwema, lakini shahidi huulizwa alisimama wapi, na siku gani. Nasi tulio walimu, mtoto akituambia kwamba ameona jambo tofauti na lililoandikwa, tusimcheke. Twende naye tukatazame.