Barua kutoka London: Chuo Kifunguacho Milango Magharibi

Binamu yangu mpenzi,

Waraka wako kutoka Tanga umenifikia nami nimeusoma kwa utulivu, hasa pale uliponiuliza kama mtu aliyekwisha kuvuka miaka arobaini, mwenye mke na watoto na kazi ya bandarini isiyompa nafasi ya kupumua, anaweza kurudi kuketi mbele ya mwalimu bila ya kujivunjia heshima. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa kuwa simu hupenda majibu mafupi, na jambo hili mimi nalijua kwa mwili wangu: mchana nawahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia kusini mwa jiji hili, na jioni ni mwanafunzi wa historia katika chuo cha Birkbeck.

Asili ya chuo hiki yafaa uijue. Mwaka 1823 tabibu mmoja, jina lake George Birkbeck, ambaye kabla ya hapo alikwisha kuwafundisha mafundi wa Glasgow mambo ya sayansi, aliungana na wenziwe kuasisi taasisi ya kuwasomesha mafundi wa London, watu wa nyundo na tanuri, ambao kwa zama zile elimu ya namna hiyo haikudhaniwa kuwa ni haki yao. Na walikuwako waliosema hadharani kwamba kumsomesha mfanyakazi ni kuieneza fitina katika nchi. Mwaka 1830 wanawake wakakubaliwa, na mwaka 1920 chuo kikaingia katika Chuo Kikuu cha London. Vilipozuka Vita Vikuu vya Pili, na vyuo vingine vya jiji vikahamia mbali kukimbia mabomu, Birkbeck kilibaki palepale pamoja na wanafunzi wake, maana wanafunzi wake walikuwa wafanyakazi, na wafanyakazi hawakuwa na pa kuhamia. Hata Marcus Garvey, kabla jina lake halijavuma duniani, alipata kuketi humu kusikiliza masomo.

Lakini lililo kubwa kwangu kupita historia yote hiyo ni saa. Masomo mengi hapa huanza saa kumi na mbili jioni na kwisha saa tatu usiku, na katika kanuni hiyo moja, iliyo nyepesi kuitamka, mna heshima ambayo sijaiona mahali pengine katika nchi hii: mfanyakazi haombi ruhusa ya kuwa mwanafunzi, bali chuo ndicho kilichojipanga kumngojea mpaka atoke kazini. Darasani mwetu yumo dereva wa basi, yumo muuguzi, yumo mama aliyewalea watoto mpaka wakatoka nyumbani ndipo akaitafuta elimu yake mwenyewe. Na mwalimu akitusomesha habari za viwanda vya karne ya 19, na saa za kazi, na ujira usiotosha, hazungumzi na watu wanaoyasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza. Kijana aweza kutushinda kwa wepesi wa kuhifadhi, nami simnyimi haki yake, ila mtu aliyepata kusimama kwenye foleni ya mshahara hujua swali la kuuliza.

Taabu zipo, wala sitakuficha. Uchovu wa mwili huja na wewe darasani, na wakati wa baridi, giza linapoingia tangu saa kumi za alasiri, kila mshipa wakuamuru urudi nyumbani. Mke wangu amebeba mengi ambayo yalikuwa yangu, na pasipo yeye hadithi hii isingalikuwako. Kisha yapo mambo ya fedha. Mwaka 2012 ada za vyuo vikuu vya Uingereza zilipandishwa sana, na idadi ya watu wazima wanaosoma huku wakifanya kazi ikaporomoka. Serikali hutoa mkopo, lakini mkopo huo una riba, na Waislamu wengi, nami nikiwa miongoni mwao, dhamiri zetu hazituruhusu kuuchukua. Sheria ya mwaka 2017 ilifungua njia ya kuundwa kwa mkopo usio na riba, na tangu hapo tumekaa miaka tukiungojea, vijana wetu wakiahirisha masomo au wakiyaacha kabisa, jambo ambalo laniuma na ambalo sioni udhuru wake. Mimi nalipa kwa mafungu kutoka katika mshahara, na kwa hiyo nasoma polepole.

Sasa nikurudishe kwetu, kwa maana hilo la aibu ya mtu mzima kusoma halikutoka katika desturi yetu. Wewe na mimi tulikua tukiwaona wavuvi, washonaji na wenye maduka wakiketi darsani baina ya magharibi na isha, ndevu zimekwisha kuwa nyeupe, wakimsikiliza sheikh pengine mdogo wao kwa umri, wala hakuna aliyewacheka. Kule Lamu, Habib Swaleh alizifungua darsa zake hata kwa watu ambao mabwana wa mji waliwaona hawastahili elimu. Na Tanzania nzima iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akina bibi zetu wakaingia ngumbaru na madaftari yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kufundisha Tabora alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 kuanza upya kuwa mwanafunzi. Yamkini aibu hiyo tuliipata pale tulipoizoea shule ya sare na kengele, tukadhani kwamba elimu ni shughuli ya utotoni, ikimpita mtu imempita. Nami nawaomba kwa dhati wenye vyuo vyetu na waajiri wetu, kama barua hii itawafikia, waitazame saa ya mfanyakazi kabla ya kumlaumu kwa kutokuwa na shahada.

Kwa upande wako, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi zao, kina kituo hapo Tanga. Kwanza zungumza na shemeji yangu, umweleze saa zitakazopungua nyumbani, na umsikilize kwa makini, maana yeye ndiye atakayezilipa. Kisha nenda kituoni na vyeti vyako vya kidato cha nne, uulize njia ya mtu kama wewe ya kuingilia, na uniandikie walichokwambia pamoja na kiasi cha ada. Ya mwaka wa kwanza tutachangiana.

Nisalimie Mama Mkubwa na watoto wote.

Wasalaam,
Nduguyo wa London